Maswali Yenu: Santuri za Babu Kwenye Kompyuta

SWALI: Babu ametuachia sanduku la santuri. Nyingine ni ndogo za plastiki zenye tundu kubwa katikati, nyingine nzito za taarabu zinazovunjika kama sahani. Nimechomeka pleya kwenye tundu la maikrofoni la laptop. Sauti ni nyembamba, haina besi, na kuna mvumo usiokatika. Kosa liko wapi? Na je, nizisafishe kwa spiriti?
Msomaji, Tanga

JIBU: Umeruka kifaa kimoja. Sindano ya sumaku hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5, na santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali ikiwa imeongezwa. Amplifaya ya fono ndiyo hukuza umeme huo na kurudisha besi. Tazama nyuma ya pleya: ikiwa na swichi ya PHONO/LINE, amplifaya imo ndani, basi weka LINE. Kama haina, nunua ya nje. Kisha pitisha sauti kwenye kadi ya sauti ya USB yenye LINE IN, maana tundu la maikrofoni la laptop kwa kawaida ni la chaneli moja na lina kelele. Kuhusu mvumo, funga ule waya mwembamba wa ethi utokao kwenye pleya kwenye skrubu ya amplifaya ya fono. Usipoisha, chomoa chaja urekodi kwa betri.

Spiriti usiiguse kwa zile nzito! Ni za shelaki, nayo huyeyuka kwa spiriti. Tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri (hakikisha si asidi), matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo kwa lita moja, na kitambaa laini. Futa kwa kufuata mifereji, lebo isilowe, suuza, zikaushe zikiwa zimesimama.

Hizo za shelaki huzunguka mara 78 kwa dakika na mifereji yake ni mipana. Zinataka sindano ya mikroni 76 hivi. Ya LP (santuri kubwa za plastiki), yenye mikroni 18, huzama chini kabisa kwenye uchafu. Sindano ikiruka, usiweke sarafu juu ya kichwa chake: utakwangua mfereji. Rekodi chaneli mbili, kisha zichanganye ziwe moja, na kelele nyingi za juu-chini zitajifuta. Besi itataka kurekebishwa kwa sikio, kwani Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, ilhali kipimo cha RIAA (kanuni ya kiasi gani besi irudishwe na sauti kali ipunguzwe) kinachofuatwa na amplifaya za fono ni cha 1954.

Zile ndogo ni za mizunguko 45. Tia kizibo cha katikati, basi.

Kwenye programu ya kurekodia ya Audacity chagua biti 24 na hezi 48,000. Kilele kisipite desibeli -6. Sauti iliyogonga 0 haitengenezeki tena. Dakika moja ya stereo ya WAV (faili lisilobanwa) hula megabaiti 17 hivi. FLAC hupunguza ukubwa bila kupoteza kitu; MP3 iwe ya simu tu.

SWALI: Nikiondoa mikwaruzo kwa programu, sauti ya mwimbaji inakuwa kama iko ndani ya maji. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Umezidisha. Anza na kuondoa milio ya «tak», kisha punguza kelele ya mchakacho kwa desibeli 6 tu, si 20. Sampuli ya kelele ichukue kwenye mfereji wa mwanzo kabla muziki haujaanza. Na fanya yote kwenye nakala, faili ghafi libaki.