Programu ikistaki kwenye Linux, usikimbilie kitufe cha kuzimia

Tangu Oktoba, msimu wa korosho unapochanganya, steshenari yetu hapa Ligula, Mtwara, hupokea makatibu wa vyama vya msingi na orodha zao za malipo: jina la mkulima, kilo, daraja, makato. Faili la Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, linakuwa zito, mara dirisha linageuka kijivu. "Kaka, imestaki, zima tu!" Naomba usizime. Ukibana kitufe mpaka mashine ikatike, hujafunga programu moja tu. Umekata kila kitu, pamoja na faili lililokuwa katikati ya kuandikwa.

Kwanza jiridhishe kama kweli imeganda. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T, andika top ili uone orodha ya programu zinazoendeshwa, kisha kwenye mstari wa programu yako tazama safu yenye herufi S juu yake. Ukiona R na CPU iko juu, huenda programu bado inapiga hesabu, basi ivumilie. Ukiona D inang'ang'ania, inasubiri diski, na kwa wateja wetu diski hiyo mara nyingi ni flashi iliyochoka. Programu iliyo kwenye D kwa kawaida haisikii amri yoyote ya kuifunga mpaka diski ijibu, kwa hiyo kurudiarudia amri hakusaidii. Wala usichomoe flashi, hapo ndipo mafaili yanapoharibika. Ndiyo maana mimi hunakili faili la mteja kwenye mashine kabla ya kuligusa.

Ikiwa imekwama kweli, chukua PID, namba inayoitambulisha programu, kwenye safu ya kwanza, kisha bonyeza q kutoka kwenye top. Kama ni 4312, andika kill 4312. Jina la amri linatisha, lakini hapo unatuma ishara namba 15, SIGTERM, yaani unaiomba programu ijifunge yenyewe na kusafisha vitu vyake. Ipe nusu dakika. Ikigoma, ndipo uandike kill -9 4312. Hiyo ni SIGKILL: programu haiulizwi, keneli, yaani kiini cha Linux, inaiondoa, na ambacho hakijahifadhiwa kimekwenda. Watu wengi huanza na -9 kwa sababu ni ya haraka. Mimi siikubali tabia hiyo hata kidogo, hasa kwenye kazi ya mtu mwingine.

Kwa LibreOffice kuna jambo la kuangalia zaidi. Calc na Writer, ile ya kuandikia barua, zote huendeshwa na programu moja, soffice.bin. Ukiiua kwa sababu ya orodha ya korosho, barua ya mwanafunzi iliyo wazi pembeni inaondoka nayo. Ukifungua tena, kwa kawaida itajitolea kurejesha dokumenti, kubali. Kwenye mipangilio, weka nakala ya kurejesha ijihifadhi kila baada ya dakika 5.

Skrini nzima ikiganda, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila yako, fanya yaleyale, kisha urudi kwa Ctrl+Alt+F2; mashine nyingine hutumia F1 au F7.

Na hilo likishindikana, shikilia Alt pamoja na SysRq, ambayo mara nyingi ndiyo Print Screen, halafu bonyeza S, U, B, ukisubiri sekunde chache kati ya herufi na herufi. S huandika data iliyobaki kwenye diski, U huifunga diski isiandikwe tena, B huwasha mashine upya. Ubuntu inaziruhusu tatu hizi bila kubadili mipangilio. Kwenye baadhi ya laptopu utahitaji kushikilia na Fn.