Picha za marehemu baba: anzia nyuma

Pole na msiba, dada. Umesema familia imeanzisha taasisi na picha alizochora mzee zimejaa stoo, wengine wanataka maonyesho haraka. Waambie wasubiri.

Kwanza orodha. Kila picha ipe namba, iandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino. Namba isitokane na mwaka, kwa sababu mwaka utakuja kuusahihisha. Piga picha mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye utajiri: jina la mnunuzi, bei, lebo ya maonyesho, hata hesabu za sukari! Usifute chochote.

Saini pekee isikutoshe. Mchoraji wa Tanzania Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972 baada ya miaka michache tu ya kuchora, lakini kazi za kughushi zenye jina lake zimezagaa. Linganisha ubao, rangi, risiti na barua. Wanafunzi wa mzee walio hai wahojiwe mwezi huu, ukiwarekodi kwa ridhaa yao.

Picha ziinue kutoka sakafuni, na usizifunge nailoni. Unyevunyevu wa pwani utazivundisha.

Na zilizokwisha kuuzwa? Nazo ziingie orodhani.