Kabla ya Kuchagua Modeli, Kagua Data ya Mto

Msomaji mmoja aliyemaliza shahada ya uzamili ameuliza ajifunze modeli ipi ili apate nafasi ya uzamivu katika utafiti wa mafuriko. HEC-RAS, programu ya kompyuta ya kukokotoa jinsi maji yanavyotiririka mtoni, hupatikana bure, na misingi yake hujifunzwa kwa wiki chache. Kinachokwamisha wengi ni data.

Anza na kituo cha kupimia mto. Vituo vingi havipimi mtiririko wenyewe. Hupima kimo cha maji, kisha kimo hugeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde kwa kufuata mchoro uliotokana na vipimo vichache vilivyofanywa mtoni. Vipimo hivyo hufanywa zaidi mto ukiwa umetulia, maana ukifurika ni hatari kuusogelea. Kwa hiyo namba za mafuriko makubwa mara nyingi ni makisio yaliyopatikana kwa kurefusha mchoro kupita mahali palipopimwa. Mchanga ukijaa au sakafu ya mto ikimomonyoka, mchoro wa zamani unadanganya. Omba vipimo halisi vilivyofanywa mtoni pamoja na tarehe zake, utafute mtiririko mkubwa kuliko wote uliowahi kupimwa. Kama mafuriko unayoyachunguza ni mara tatu ya huo, liseme wazi kwenye pendekezo lako. Wanafunzi hulificha jambo hili wakidhani linawashusha, kumbe ndilo linaloonyesha kwamba wanaijua kazi.

Mwinuko wa ardhi nao una mitego. Data ya SRTM, yaani vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani, ina chembe (piseli) za takriban mita 30 na makosa ya wima ya mita kadhaa, tena penye msitu husoma miti badala ya ardhi. Kwenye uwanda tambarare ambako maji hufika kiunoni, kosa hilo linatosha kuharibu ramani nzima. FABDEM, data nyingine ya mwinuko iliyoondolewa miti na majengo, ni afadhali, lakini tuta jembamba bado halionekani.

Ukitaka kuhakiki ramani yako, rada ya setilaiti za Sentinel-1 hupenya mawingu. Ila hukosea mijini na chini ya miti, na huenda ikapita siku kadhaa baada ya maji kufika kilele.

Tahadhari pia na rekodi fupi. Miaka 20 ya vipimo haibebi makadirio ya mafuriko ya miaka 100 bila kuonyesha upana wa shaka. Na wafafanulie wasomaji wako: mafuriko hayo yana uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, yaani takriban asilimia 26 ndani ya miaka 30.

Unapomwandikia msimamizi, taja bonde moja na swali moja, ueleze data iko kwa nani na kama umeruhusiwa kwa maandishi kuitumia. Ambatisha grafu ya ukurasa mmoja inayoonyesha miaka yenye vipimo na mapengo yake.