Mleta gesi anamrushia mbwa wangu mifupa, nimwambieje?

Dada, umeuliza umzuieje kijana wa bodaboda anayekuletea gesi asimrushie mbwa mifupa ya kuku, bila kumvunjia heshima. Mwambie palepale getini, kabla hajashusha mtungi: "Kaka, asante kwa kumpenda, ila mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, unaweza kumtoboa utumbo." Wengi hawajui, wala hawana nia mbaya. Mbwa wangu alikwamwa na mfupa kooni. Alikuwa akijikuna mdomo kwa miguu ya mbele, mate yanamchuruzika, hadi daktari wa mifugo akautoa kwa koleo. Sitaki upitie hayo.

Kinachonitia hofu zaidi ni mbwa wa ulinzi kuzoea kula cha mgeni, maana wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Mimi nina kopo la dagaa wakavu karibu na geti. Anayetaka kumfurahisha namkabidhi dagaa mmoja, na mbwa hagusi mpaka mimi niseme "chukua". Nilimfundisha kila jioni kwa wiki kadhaa. Siku ambayo hupo nyumbani, mbwa wako afungiwe bandani kabla mzigo haujafika.