Jibu: mlio kwenye spika za gari baada ya kufunga amplifaya na prosesa ya sauti

Ndugu, umeeleza kwamba tangu ufunge amplifaya na prosesa ya sauti (kifaa kinachogawa na kurekebisha sauti ya kila spika) kuna mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta, na umeuliza pia uanzie wapi kuseti prosesa yenyewe. Mlio unaofuata mwendo wa injini hutoka kwenye alteneta, na mara nyingi hupenyea kwenye waya wa athi, yaani unaounganisha kifaa na bodi ya gari. Fungua boliti inayoushika kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha funga hapo hapo athi ya amplifaya na ya prosesa kwa waya mfupi usiozidi nusu mita. Kebo za RCA, zinazobeba sauti kutoka redioni, zipite upande mmoja wa gari na waya mkubwa wa betri upande mwingine; fyuzi iwe karibu na betri, wala usikubali fundi akuwekee chini ya kiti.

Kuhusu kuseti, zima vichujio vyote vya amplifaya (vinavyochagua sauti zipi zipite) ili kazi hiyo ibaki kwa prosesa pekee: subufa, yaani spika ya besi, ipokee sauti za chini ya hezi 80, na spika za milango zipokee sauti za juu ya hapo. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, usiziwashe kabla ya kuziwekea kichujio, kwani huungua upesi.

Mwisho, tumia prosesa kuchelewesha spika iliyo karibu nawe. Sauti husafiri takribani sentimita 34 kwa milisekunde. Kwa usukani wa kulia, kama spika ya mlango wako iko sentimita 80 kutoka sikioni na subufa iko sentimita 170, icheleweshe spika hiyo ya mlango kwa milisekunde 2.6 hivi, ndipo zitakapokufikia pamoja.