Paa la bati na chumba kisicholalika: rangi nyeupe au siling bodi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nakaa Mbagala, nyumba ya tofali za saruji, vyumba viwili, paa la bati bila siling bodi. Kuanzia Desemba mpaka Machi hatulali. Mama mkwe wangu ana miaka 74, mtoto ana miezi saba, na wote wanahangaika na joto hadi saa tisa usiku. Fundi mmoja anasema nipake bati rangi nyeupe, mwingine anataka kupiga siling bodi. Fedha yangu inatosha kimoja. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba, mama. Anza na rangi.

Saa nane mchana hewa ya nje ikiwa nyuzi 32, bati lililochomwa na jua linaweza kupita nyuzi 60. Panda kwenye kiti unyooshe kiganja chini ya bati, bila kuligusa. Joto unalolisikia linamiminika moja kwa moja kutoka kwenye bati, kama kwenye jiko la mkaa, na kutwa nzima linaingia ukutani na sakafuni. Bati lenyewe ni jembamba, jua likizama linapoa upesi. Tofali hazipoi. Zinakurudishieni usiku kile zilichokinywa mchana, ndiyo maana mnateseka hadi saa tisa. Siling bodi ingepunguza miale hiyo, lakini joto lingekuwa limeshaingia chini ya paa, na nafasi ya darini isiyo na matundu huchemka. Rangi nyeupe inalirudisha jua kabla halijaingia.

Utaambiwa bati jipya linang'aa, halina haja ya rangi. Kweli linarudisha jua kiasi, ila joto linalolinywa halilitoi kwa urahisi, na likifubaa au kushika kutu linanywa zaidi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoteza fedha. Usikubali rangi ya mafuta kupakwa moja kwa moja kwenye bati. Mafuta yake yakikutana na zinki iliyofunika bati hufanya kitu kama sabuni, na rangi inabanduka. Niliwahi kuona paa la darasa lililopakwa hivyo. Masika ya kwanza tu vipande vilikuwa vimejaa uani, na watoto wakarudi kwenye joto lao. Chokaa nayo inaoshwa na mvua, tena inaila zinki. Bati lisuguliwe kutu kwa brashi ya waya, lioshwe kwa sabuni mpaka mafuta ya kiwandani yatoke, lisuuzwe, likauke. Kisha praima (rangi ya msingi) ya mabati ya zinki, halafu mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya nje. Fundi apake asubuhi umande ukishakauka. Bati likishapata moto rangi inakauka kabla haijashika. Kama mnakinga maji ya mvua, mwulize muuzaji rangi isiyo na madini ya risasi, na mvua za mwanzo zimwagwe. Kila mwaka osha vumbi, kwa sababu paa jeupe lenye vumbi ni la kijivu.

Njia hii imejaribiwa kwingine. Mji wa Ahmedabad, India, ulipigwa na joto kali Mei 2010, na waliokufa mwezi huo walizidi idadi ya kawaida kwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 mji uliweka mpango wa kukabili joto, na baadaye kupaka mapaa ya nyumba za maskini rangi nyeupe kukawa sehemu ya kazi hiyo.

Fedha kidogo ikibaki, toboa matundu ya hewa juu kabisa ya kuta mbili zinazotazamana, uyawekee wavu wa mbu. Hewa ya moto inapanda. Ipewe pa kutokea. Upande wa magharibi panda mipapai, inakua haraka na itakinga ukuta na jua la jioni. Siling bodi ije mwakani. Lakini mkiwa mnaingoja, msijaze maboksi wala magunia chini ya bati. Nyaya za umeme zinapita humo, na moto wa darini unaonekana ukiwa umeshakuwa mkubwa.

Kuhusu bibi: feni inasaidia joto la chumbani likiwa chini ya nyuzi 40, ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Likizidi hapo mchana, mtoe akae kivulini nje, mlowanishe shingo na mikono kwa kitambaa, mpe maji hata asipoomba. Kama anameza dawa za presha, mwulize daktari wake kuhusu msimu wa joto, asiziache mwenyewe. Mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mmoja wao akiwa wa moto sana na amelegea, au bibi akaanza kuongea asiyoyajua, mmwagie maji mwilini huku mnatafuta usafiri wa hospitali, hata kama ni usiku wa manane.