Maswali na majibu: maji ya pamoja, jengo na bili

Mitaa mingi ya Ghuba hupozwa na mtambo mmoja unaosukuma maji baridi kwa mabomba hadi kila jengo. Majibu ya maswali yenu haya hapa.

Nilikuwa likizo Mombasa mwezi mzima, AC imezimwa. Mbona bili ya Dubai imekuja?

Unalipia matumizi ya mita, na kando yake ada ya uwezo, inayotozwa hata usipowasha. Ada hiyo hufuata tani za upoozaji ulizotengewa (si uzito: tani 1 ni kama kilowati 3.5), na tani hizo zilipangwa kwenye michoro ya jengo. Kioo kikubwa cha magharibi ndicho mchokozi anayezipandisha: jua la alasiri huja limelala, kibaraza cha juu hakilizuii. Pazia nalo limechelewa, joto limeshaingia. Dawa ni kivuli cha nje, mbao za wima au mashrabiya (kiunzi cha matundu mbele ya dirisha).

Nasimamia jengo la ofisi. Maji huingia na nyuzi 5, yanatoka na 9. Mtambo unadai 13. Kuna ubaya gani?

Upo, tena mkubwa. Mzigo wa tani 100 kwa tofauti ya nyuzi 8 unahitaji lita 10.5 kwa sekunde. Kwa nyuzi 4, lita 21. Kusukuma maji maradufu katika bomba lilelile hudai nguvu ya pampu karibu mara nane.

Kagua kwanza vali za njia tatu: hupitisha maji pembeni ya koili (mabomba yanayopoza hewa ya chumba) na kuyarudisha bila kazi. Badilisha ziwe za njia mbili, na pampu ibadili mwendo kulingana na mzigo. Halafu pima joto la maji yanayotoka kila koili, uanze na inayorudisha baridi zaidi. Mara nyingi utakuta koili imeziba vumbi, au mtu kaweka kidhibiti cha chumba nyuzi 18 zisizofikika, vali ikabaki wazi kutwa.

Mpangilio wa mtaa una uzito?

Ndiyo. Ofisi hupamba moto mchana, nyumba jioni. Zikichanganywa, mtambo huwa mdogo kuliko jumla ya mizigo. Villa zilizotawanyika hazilipi gharama ya bomba.

Niko Copenhagen, kwenye joto la pamoja (mtambo mmoja hupeleka maji moto kwenye radieta, vipasha joto vya ukutani). Kwa nini naambiwa niwashe radieta zote za chumba, si moja?

Huko maji yanatakiwa kurudi yakiwa yamepoa. Radieta moja iliyofunguliwa mpaka mwisho huyarudisha bado moto. Zote zikiwa kiasi, eneo la kutoa joto huongezeka. Shika kila radieta: juu iwe moto, chini vuguvugu. Ikiwa moto kotekote, punguza vali.